Hondohondo Alipotaka Kulishwa

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba. Mie nawasimulieni habari za aliyechoka. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo kale, wala si kale sana, alikuwepo ndege wa manjano akiitwa Bi Kubwiro. Si kubwiro wa huku kwetu. Huyu ni wa ukoo wa koo jeusi, kwao ni Asia, kule Sumatra na Borneo na rasi ya Malaya, kwenye msitu mnene wa bondeni. Mlimani hapamfai. Mashambani kuna michikichi mitupu, hapati pa kutundika kiota. Msitu ukikatwa, anahama. Ukikatwa tena, anahama tena. Mumewe alikwenda kutafuta msitu mwingine, akaenda moja kwa moja. Wataalamu wakamtazama wakasema, "Huyu yuko karibu na hatari." Karibu tu! Bi Kubwiro aliposikia akasema, "Ahsanteni," akaendelea kuhama.

Mwisho akafika kwenye mkuyu mmoja, uliobaki peke yake upande ule. Akatundika kiota, akaangua watoto wawili. Kazi yake ikawa hiyo hiyo: ruka, chuma, rudi. Ruka, chuma, rudi. Na watoto, "Fii! Fii!" Hawashibi.

Siku moja, hwuu! hwuu! hwuu! Akatua Bwana Hondohondo, mdomo mkubwa, tumbo kubwa, na mkewe nyuma.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema Bi Kubwiro.

"Marahaba. Makuyu ya juu yangu. Makuyu ya chini yangu. Makuyu ya katikati yangu. Yakiisha, nitaonja hao watoto wako."

Bi Kubwiro akataka kulia, akaona kulia nako ni kazi. Kuhama hawezi, watoto hawajaota mbawa. Kupigana hawezi. Akabaki na ulimi wake tu.

Sasa, hondohondo wana desturi yao. Mke akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti. Mlango huzibwa kwa udongo, ukaachwa ufa mwembamba, na mume humlisha kupitia hapo mpaka makinda wakue.

"Bwana mkubwa," akasema Bi Kubwiro, "mwaka huu tena utambebea mama chakula?"

"Ndiyo desturi yetu."

"Pole. Yaani mwenye nguvu anabeba, aliyekaa anakula. Mimi si mtu wa kuingilia nyumba za watu, lakini ningekuwa na mdomo kama huo, ningekaa ndani mimi."

"Nani ataniletea?"

"Mkeo yupo. Na mimi jirani nitaongezea. Walishaji wawili, mlaji mmoja."

Hondohondo akameza mate, glu! "Mke wangu! Lete udongo!"

Mkewe hakubisha hata kidogo. Bwana akajisukuma tunduni, mama akapaka, akagonga. Akapaka, akagonga. Pa! pa! pa! Hakuwahi kupaka vizuri namna ile. Jua likawaka, udongo ukakauka ko! Mama akajinyoosha. "Kila mwaka nakaa humo gizani, mbawa zinaninyonyoka. Kaa salama, mume wangu." Hwuu! hwuu! Akaenda zake.

"Kwaak! Chakula!"

Wapi! Mkewe alishafika mbali.

Hondohondo akataka kuvunja mlango, lakini tundu jembamba, hana nafasi ya kurudisha mdomo nyuma. "Jirani! Si uliahidi?"

Bi Kubwiro akawaza. Udongo utashika mpaka mvua zianze, na watoto wanahitaji muda huo huo kuota mbawa. Lakini huyu akipata njaa atahangaika, akihangaika udongo utapasuka. Akashusha pumzi. Kumbe ukimfunga mlafi, ni wewe utakayemlisha.

Ruka, chuma, rudi kwa watoto. Ruka, chuma, rudi kwa bwana.

"Fii! Fii!"

"Kwaak! Hilo dogo! Lete jingine!"

Manyoya ya Bi Kubwiro yakapauka. Akasinzia akiruka, akajigonga kwenye tawi, akaomba radhi kwa tawi.

Hata mvua zikaanza. Watoto wakajitupa hewani, wa kwanza, wa pili, wakashika upepo, wakaenda. Bi Kubwiro akawatazama mpaka hawaonekani. Moyo wake ukafurahi, mwili hauna habari.

Udongo ukalainika, mlango ukaanguka, na Hondohondo akatoka. Alikuwa amenenepa mno. Akapiga mbawa mara moja, akadondoka chini, pu! Akainua mdomo juu.

"Jirani! Leo umechelewa!"

Bi Kubwiro alikuwa amelala.

Ngano yangu imefika kikomo. Utamu wake bebeni, uchungu wake niachieni mlangoni, nitaufagia. Na funzo, maana mtaniuliza funzo: mwenye akili hachoki.