Mguu wa Jana

Mguu wa jana haushushi gari la leo. Ndivyo nilivyomjibu Onesmo, na sasa yeye na dada yake Faraja wameacha kukata vitunguu mikia, wananikodolea macho wakitaka kujua msemo huo nimeuokota wapi. Haya, kateni huku mnasikiliza, maana gunia halijazwi kwa masikio. Chanzo chake hakiko mbali. Kiko hapa hapa chini ya mlima Kitonga, barabarani mbele ya kibanda hiki, na wa kwanza kuutamka ni babu yenu Kastori.

Wewe Onesmo unalalamika kwamba umeitwa kwenye mafunzo ya madereva wa malori, yale ya lazima, ambayo kila baada ya miaka kadhaa dereva huyarudia ndipo aruhusiwe kuendelea kushika usukani. Unasema wewe si mwanafunzi, kwamba umefika Lubumbashi mara nyingi kuliko mwalimu wao alivyofika sokoni. Unasema siku za darasani ungezikaa na mkeo na mtoto wenu mchanga. Hilo la mwisho nalielewa. Hayo mengine niliyasikia zamani kwa mdomo mwingine, uliokuwa na sharubu.

Nilipoolewa, Kastori alikuwa akiendesha lori kuukuu la pua ndefu, lenye breki za mafuta. Likianza kushuka Kitonga na mzigo, breki zilikuwa zinalegea. Dawa yake ilikuwa kupampu: unaigonga pedeli upesi upesi, kanyaga achia, kanyaga achia, mpaka breki zirudi kuwa ngumu. Babu yenu alikuwa fundi wa jambo hilo. Hata akiwa amekaa hapa anakunywa chai, mguu wake wa kulia ulikuwa ukigonga sakafu. Nilimwambia aache, atanitobolea nyumba.

Wakati ule kila dereva mwenye mke hapa chini alikuwa na honi yake. Kastori akifika kona ya mwisho alipiga fupi, fupi, halafu ndefu iliyovutwa mpaka ikafifia yenyewe. Nikiisikia, nabandika maji ya ugali. Ndiyo desturi tuliyokuwa nayo wake wa madereva: hubandiki maji kwa ahadi, unabandika kwa honi. Dereva akisema Jumanne, usimuulize ni Jumanne ya mwezi gani. Basi nilikaa na vitunguu vyangu, masikio yakiwa mlimani. Yanashuka magari na magari, moyo umetulia tu. Likilia moja kwa ile sauti, mikono inasahau kisu kimewekwa wapi. Nilimtamani mume wangu, siwafichi. Ninyi mnadhani bibi zenu walizaliwa na mvi.

Kisha kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ikanunua trela mpya, ndefu, zenye breki za upepo. Mkubwa wao akaweka sharti kwamba hakuna atakayeligusa gari jipya kabla ya kwenda darasani, na kwamba baada ya hapo kila dereva atakuwa akirudi darasani kila baada ya muda, apende asipende. Rafiki yake Gaudensi Mgaya, waliyeanza naye kazi, alifunga begi lake akaenda. Babu yenu alicheka. Akauliza mwalimu ni nani. Akaambiwa ni kijana aliyesomea magari Dar es Salaam, hajawahi kushusha hata mkokoteni Kitonga. Basi akakataa katakata. Alisema mlima ndio uliomfundisha, na cheti chake ni kwamba bado anapumua.

Kampuni haikumbembeleza. Trela aliyokuwa akiitegemea ilipewa Gaudensi, yeye akarudishwa nyumbani.

Nami nilifurahi, niseme nini? Miaka yote nilikuwa namwomba Mungu anirudishie mume wangu, na huyo hapo, anakula mezani kwangu asubuhi na jioni. Lakini hazikupita wiki nyingi nikatambua kwamba aliyerudi si yule niliyemwomba. Mwili ulikuwa hapa, unakata vitunguu ovyo ovyo. Masikio yalikuwa barabarani. Gari likiwa bado halijaonekana, yeye ameshasema: huyo kachelewa kubadili gia, huyo kabeba mbao, huyo ni Gaudensi. Na honi ya Gaudensi ikimlilia mkewe, babu yenu aliinama kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Nikaanza kumtamani mume wangu naye kakaa mbele yangu. Niliyekuwa namtaka ni yule anayekuja. Huyu wa kukaa hatukuzoeana.

Gaudensi hakumtupa mwenzake. Akipita alisimama kunywa chai, na siku moja alimweleza, nikiwa nawasikia, kwamba breki za upepo hazipampiwi. Kila ukikanyaga na kuachia unatumia upepo ulio kwenye matangi, na ukipampu kwa woga unaumaliza kabla mlima haujaisha. Unachagua gia nzito ukiwa bado juu, nzito kuliko uliyozoea, unaiacha injini ishike gari, na breki unakanyaga kwa uhakika, siyo kwa kugongagonga. Babu yenu akajibu kwamba amesikia, yeye si kiziwi. Na ni kweli alisikia. Likumbukeni hilo.

Mchana mmoja akaja mtu kutoka Ilula, kule juu. Alikuwa na trela yake moja tu, imepakia mbao za Mafinga kwenda Dar, na dereva wake ameshikwa na malaria, amelazwa, utingo amebaki kumuuguza. Anatafuta mtu wa kuishusha. Hakuuliza habari za darasa. Babu yenu alikuwa ameshasimama kabla mtu yule hajamaliza kusema. Alivaa koti lake la kaki lililokuwa limetundikwa ukutani tangu aachishwe, akalipangusa vumbi mabegani, akaniambia nisibandike maji mpaka nisikie honi. Uso wake ulikuwa uso wa siku aliyokuja kunichumbia. Akadandia gari la kupanda mlima, akaenda.

Nilikaa hapa hapa nilipokaa sasa. Wateja waliniuliza bei nikawapa walichokitaka bila kupunguziana wala kuongezana, na hamjapata kuniona hivyo. Muda ukapita. Halafu nikaisikia. Fupi, fupi, halafu ndefu.

Niliinuka kama msichana. Nikamimina maji sufuriani, nikabandika, nikachochea moto. Ndipo nikatambua mambo mawili. Honi haikutoka kona ya mwisho, ilitoka juu zaidi. Na ile ndefu haikufifia. Iliendelea na kuendelea, inakuja, inakuwa kubwa, na ndani yake harufu ya breki zinazoungua ikatufikia kabla ya gari lenyewe.

Nilipiga ukelele watu watoke vibandani. Mke wa Gaudensi alinivuta mkono tukakimbilia upande wa mto, na wengine wote wakakimbia, wameacha vitunguu, wameacha na viatu. Trela ikatokea kona ya mwisho magurudumu yanafuka moshi. Mbele yake ilikuwa barabara iliyonyooka mpaka kwenye vibanda vyetu. Kabla haijatufikia nikaona kichwa cha gari kinageuzwa upande wa mlima. Alilikwaruza gari kwenye ukuta wa ardhi, likalia, likararua udongo, mbao zikamwagika barabarani mpaka karibu na magunia yetu. Kisha honi ikanyamaza.

Watu wote walikuwa wanakwenda upande mmoja, mimi nikaenda wa pili. Nilimkuta amejitoa mwenyewe, amekaa chini, damu inamtiririka kwenye paji la uso. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga udongo. Kanyaga achia, kanyaga achia.

"Baba Leonsia," nikamwita, kwa jina la mama yenu.

"Umeisikia honi?"

"Nimeisikia."

"Nilianza na yetu ili ujue ni mimi. Ingekuwa honi ya mtu mwingine usingeinua kichwa."

Nilipiga magoti nikaushika ule mguu kwa mikono yote miwili ili utulie, ukakataa kutulia. Alikuwa anautazama kana kwamba si wake.

"Gaudensi aliniambia," akasema. "Nilikuwa nayakumbuka maneno yake yote nilipoanza kushuka. Lakini mkono ukachukua gia uliyoizoea, na kwa trela hii ilikuwa nyepesi. Ikaanza kunisukuma. Nilipoogopa, kichwa kikakimbia. Ukabaki mguu peke yake, nao unajua jambo moja tu."

"Nyamaza, utoke damu kidogo kidogo," nikamwambia. Nilisema lililonijia.

"Mlima ni uleule, Mama Leonsia. Mtu ni yuleyule. Mguu wa jana haushushi gari la leo."

Hapo ndipo msemo ulipozaliwa, Faraja, pale penye alama kwenye ukuta wa ardhi ambayo mvua haijaifuta. Mambo ya polisi na ya mwenye gari yalichukua muda wake, sitayarudia. Alipopona jeraha, babu yenu alimwomba Gaudensi amwombee kwa kampuni. Safari hii hakuuliza mwalimu ni nani. Alifunga begi akaenda kukaa darasani na vijana waliomwita babu.

Aliporudi nilimuuliza wamemfundisha nini. Akasema mengi aliyajua, mengine yalikuwa ya kusinzilia, na mwalimu kweli hakuwahi kushuka Kitonga. Sikilizeni, kwa kuwa hakudanganya kusifia darasa wala kulisingizia. Lakini kila alasiri walimweka kwenye gari wakamshtua. Mwalimu anapayuka ghafla, naye akanyage kwa uhakika, ashikilie. Akikosea, wanarudia. Wakarudia mpaka mguu ukaacha ubishi. Aliniambia kichwa chake hakikupata kitu kipya pale, kilichosoma ni mguu. Ndiyo maana baada ya hapo, kila alipoitwa tena alikwenda. Alisema kichwa kikisahau kinajijua kimesahau, ila mguu ukisahau hauna mdomo wa kukuambia.

Nami wiki hizo za darasa zilinichoma, Onesmo. Alikuwa akipata nafasi ya kukaa nami kidogo, nayo inaliwa na ubao na chaki. Nililalamika kama mkeo anavyolalamika sasa, na ana haki. Lakini kungoja kuko kwa namna mbili. Kuna kumngoja anayekuja, na huko kunauma mchana, jioni unapika. Na kuna kungoja kule kwingine, kwa asiyekuja. Nimeonja kote kuwili, na kama ningepewa kuchagua ningezichukua wiki zote za darasa alizowahi kukaa, ningemngoja kwa furaha, hata ziongezwe.

Siku aliyoshuka na trela ya kampuni kwa mara ya kwanza, nilijua atapita. Masikio yalikuwa mlimani na moyo ulikuwa hauko popote. Nilisikia injini inanguruma chini, nzito, polepole mno, na magari yaliyo nyuma yake yanampigia kelele apishe. Hakuharakishwa na mtu. Kisha, kwenye kona ya mwisho, fupi. Fupi. Halafu ndefu. Nilisimama na sufuria mkononi, sikuthubutu kumimina maji. Nikasubiri ififie. Ikafifia. Nikabandika huku nalia, na ugali wa siku ile ulikuwa na mabonge, akaula wote.

Kuanzia hapo, vijana wa malori waliokunywa chai hapa wakijisifia ukongwe, yeye aliwatazama tu akawaambia maneno yale aliyoniambia amekaa chini. Wao wakaondoka nayo, Tunduma, Kasumbalesa, huko kote. Siku hizi nayasikia kwa watu wasiojua kwamba kulikuwa na Kastori duniani. Hata walimu shuleni wanayasema.

Babu yenu aliondoka duniani akiwa kitandani mwake, kwa uzee, mkono wake umo ndani ya wangu. Mlima haukumpata. Ninyi sasa mna simu, mnapiga kusema mmefika wapi, na ni vizuri. Lakini akipita dereva asiyenijua akapiga fupi, fupi, mkono wangu unaifuata sufuria kabla sijakumbuka. Najua, nao huo ni wa jana. Niachieni. Hauna gari la kushusha.

Wewe ndiye mwenye gari. Nenda darasani, Onesmo, ukasinzie panaposinziliwa, na wakikushtua ushtuke. Mkeo atakungoja kule kungoja kuzuri. Kisha ukifika kona ya mwisho ile, nipigie honi ya babu yako, uivute, uiache ififie.

Na hebu angalia chini, mjukuu wangu. Tangu nimeanza kusimulia, mguu wako wa kulia unagonga sakafu yangu. Ni wake huo, amekuachia. Upeleke ukafundishwe. Mguu wa jana haushushi gari la leo.