Uso wa Jua na Madoa Yake

Bwana Mtumweni alikuwa ameinua miwani yake ya kusomea juani, awaonyeshe watu barazani jinsi kioo kinavyokusanya mwanga, mara akasikia harufu. Kanzu yake ilikuwa ikifuka moshi gotini.

"Unaungua, shemegi," alisema Bi Mize, bila kuacha kusuka ukili.

"Najua," alijibu, akijipiga goti. "Bandari tisa nimezitembea, na kote nimeaibika. Haya, nina kisa kabla sijateketea!"

"Kilete!" baraza likaitikia.

Kusini mwa Unguja, zamani, walikuwapo mabinamu watatu wenye kinyongo, waliosalimiana kwa kukohoa tu. Farjala alikuwa na mikono ya subira, Mbwara akili ya mitego, Sikudhani ujuzi wa dawa. Mjomba wao, aliyehesabu siku za jua na kutangaza Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya, aliusia: "Atakayeuleta uso wa jua, tuutazame bila kuumia macho, arithi kazi yangu." Sikudhani aliitaka kazi hiyo hadi akakosa usingizi, kwani haikuwahi kushikwa na mwanamke kama yeye.

Farjala alisugua vioo kwa mchanga na jivu miezi saba, akaunda darubini. Bila yeye, jua lingebaki nukta.

Sikudhani alipaka vioo vingine, vya bapa, dawa ya fedha inayonasa picha, katika stoo yenye giza, akavipeleka juani vingali vibichi. Vidole vyake vikawa vyeusi, binamu zake wakamwita Kijungu, kama chungu chenye masizi. Bila yeye, jua lingepita lisiache alama.

Lakini kila kioo kiliungua kwa ukali wa mwanga. Ndipo Mbwara akatoboa ufa katika ubao, akaufunga kamba na kuuvuta, ufa ukapita mbele ya darubini upesi kuliko kope. Bila yeye, wangekuwa na rundo la vioo vilivyoharibika.

Picha ya kwanza ikatoka: jua la mviringo, na madoa mawili meusi.

"Kijungu, umedondosha dawa!" Farjala akafoka.

"Mikono yake ile, ulitegemea nini?" Mbwara akacheka.

"Sikudondosha kitu," alisema Sikudhani. "Msikiguse!"

Farjala hakusikia. Alisugua madoa kwa upindo wa shuka, na uso wote wa jua ukatoka na kitambaa.

Sikudhani alikesha akilia kwa hasira. Kesho yake, saa ile ile, walipiga tena. Madoa yalikuwapo, yamesogea kidogo upande mmoja. Uchafu wa jana haufuati kioo cha leo: yalikuwa ya jua lenyewe.

Dawa ilikuwa imekwisha. Kioo kilikuwa hicho kimoja, na sasa kila mtu alidai ndiye baba yake.

"Darubini yangu!"

"Ubao wangu!"

"Jana yalikuwa madoa ya nani?" Sikudhani akauliza.

Siku ya Mwaka, watu wa kusini hupigana kwa vikonyo vya migomba ili kinyongo kiishe. Hao watatu walipigana hadi migomba ikasagika. Walirudi nyumbani wamevimba, na kinyongo kile kile.

Bwana Mtumweni akafuta jasho. "Aliyelisogeza jua karibu, aliyelinasa, aliyelituliza ukali: wote watatu, na kazi ni moja. Je, nyinyi mngempa nani?"

Baraza likawaka kwa ubishi. Mmoja alisema Farjala, mwingine Mbwara, wa tatu akataka kioo kivunjwe vipande.

Bi Mize akakata ukili wake kwa meno.

"Aliyepewa lawama ya madoa ndiye apewe kazi," alisema. "Nendeni mkale."