Fisi Aliyejificha Nyuma ya Dadu

Mpo?

Hatupo.

Mnaonekana?

Hatuonekani mpaka uanze.

Basi kaeni hivyo hivyo mlivyojificha, naanza.

Hapo kale Pimbi alikuwa na pango. Halikuwa pango la kuringia. Mlango wake ulikuwa mwembamba, na ndani yeye na wanawe watatu walilala mguu wa huyu tumboni kwa yule. Lakini lilikuwa kavu, na masika ya mwaka huo ukavu ulikuwa kitu cha kutamaniwa. Mvua ilinyesha, ikanyesha, ikanyesha, mpaka shimo la Fisi likawa bwawa.

Fisi hakwenda kuchimba shimo jingine. Alifika mlangoni kwa Pimbi, akanusa ndani, fu fu fu, akasema hapa panamfaa, mlango ataupanua mwenyewe. Pimbi akamuuliza yeye na wanawe waende wapi. Fisi akasema dunia ni pana.

Sasa, wanyama wa nchi ile hawakuwa wakipigana kwa ajili ya makazi. Walicheza ngome. Walichora ngome kwa mkaa juu ya jiwe bapa, na uwanja wake, na sanduku la hazina katikati. Kila mchezaji aliweka kete yake. Mmoja akawa mwizi, mwenziwe akawa mlinzi, kisha wakabadilishana. Mwizi alisema anajificha wapi, akarusha dadu ya mfupa, na mwamuzi akasimulia yaliyotokea. Aliyefika kwenye sanduku bila kuonekana ndiye mshindi. Mwamuzi alimpaka mshindi alama ya mkaa kipajini, na mpaka alama ipakwe, mchezo ulikuwa haujaisha: mwizi akionekana akiwa sandukuni, ushindi ni wa mlinzi.

Kanuni za mchezo ziliandikwa kwenye ngozi moja kuukuu, na ngozi hiyo ilikuwa ya Fisi, kwa sababu siku moja aliikalia na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeisoma, na yeye ndiye aliyeifasiri. Kuhusu kujificha, ngozi ilisema mstari mmoja tu: Aliyejificha haonekani mpaka ajitokeze.

Maneno manne. Pimbi aliyajua kwa moyo. Alikuwa mtu wa hoja huyo Pimbi, na kosa lake lilikuwa moja: aliamini kwamba neno likishaandikwa, ni lile lile kwa mwenye meno na kwa kibogoyo. Akakubali kucheza.

Mwamuzi alikuwa Kanga. Ngiri alipika supu ya mifupa, maana mchezo wa ngome haukuisha bila supu.

Pimbi akawa mwizi kwanza. Akaiweka kete yake nyuma ya kichaka, akarusha dadu. Koro-koro-ko, sita. Hakuna namba inayoizidi. Kanga akasimulia kwamba mwizi amejibanza, hata jani halitikisiki.

"Nakuona," akasema Fisi.

Pimbi akarudi mwanzo. Akaiweka kete nyuma ya kinu. Koro-koro-ko, sita. Kanga akasimulia kwamba mwizi ametulia kama kivuli cha kinu chenyewe.

"Nakuona," akasema Fisi.

Pimbi akarudi mwanzo. Akaiweka kete nyuma ya ukuta mzima wa mawe. Koro-koro-ko, sita.

"Nakuona."

Hapo Pimbi akasimama kwa miguu ya nyuma. "Bwana Fisi, ni mlinzi aliyeniona au ni wewe? Mlinzi wako yuko langoni, anatazama mtoni, kanipa mgongo. Wewe ndiye uliyeniona nikiweka kete."

"Mimi na kete yangu ni kitu kimoja, binti," akasema Fisi. "Ninachokijua mimi, inakijua. Ilivyo yenyewe, ndivyo nilivyo."

Pimbi akamtazama Kanga. Kanga akaanza kukagua madoa ya bawa lake, moja moja, kana kwamba ameyapata leo. Ngiri akanung'unika kwamba enzi za bibi yake mambo hayakuwa hivyo. Fisi akamgeukia. Ngiri akakoroga supu.

Wakabadilishana. Fisi akawa mwizi, na hakujificha popote. Aliiweka kete yake katikati ya uwanja, mahali pasipo hata jani, mbele ya pua ya mlinzi wa Pimbi. Akarusha dadu. Koro-koro-ko, sita.

"Nimejificha," akasema.

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya dadu. Huoni sita hiyo?"

Pimbi akasema anamwona, tena anamwona mzima, mbele na ubavuni. Fisi akasema haruhusiwi kumwona. Pimbi akasema aliyesimama uwanjani ameshajitokeza, neno lenyewe lina maana hiyo. Fisi akaikunjua ngozi taratibu, akaweka kucha kwenye neno la nne.

"Kusimama ni kusimama," akasema. "Kujitokeza ni mtu kufungua kinywa chake mwenyewe akasema, mimi hapa. Mpaka aseme, haonekani. Si na mlinzi, si na mwamuzi, si na yeyote."

Manyoya ya mgongoni yakamsimama Pimbi. Kichaka hakikumficha yeye, kinu hakikumficha, ukuta wa mawe haukumficha, na huyu anafichwa na mfupa mdogo kuliko jino lake. Alikuwa na majibu matatu mdomoni, yote makali. Alipofungua kinywa atoe la kwanza, ndipo akasikia vizuri alichoambiwa. Akafunga kinywa.

Kisha, kwa adabu zote, akamwomba Kanga aandike fasiri za Bwana Fisi pale kwenye jiwe, zisije zikasahaulika. Kanga akaandika: Fisi na kete yake ni kitu kimoja. Haonekani na yeyote mpaka aseme, mimi hapa. Fisi akafurahi sana. Akaomba herufi ziwe kubwa zaidi.

Akaisogeza kete hatua moja, tap.

"Sikuoni," akasema Pimbi.

Tap.

"Sikuoni."

Tap, kete ikagusa sanduku. Kule pangoni watoto wa Pimbi wakaanza kulia.

Kanga akachukua mkaa, akauliza mshindi yuko wapi ampake alama.

"Haonekani," akasema Pimbi.

Kanga akamtazama Fisi. Akayatazama maandishi. Akamtazama Fisi tena, kisha polepole macho yake yakapita juu ya kichwa cha Fisi, yakaenda mbali, kama anayetafuta wingu. Akasema ni kweli, mshindi haonekani, basi tumngoje.

Fisi akafungua kinywa aseme, akakumbuka, akakifunga. Akapunga mkono. Hakuna aliyeona. Akapiga mguu chini, du, du. Ngiri akasema radi hizo, mvua inarudi.

Supu ikaiva. Ngiri akampa Kanga bakuli, akampa Pimbi bakuli, akawaita watoto wa Pimbi nao akawapa bakuli. Mvuke ukapita puani mwa Fisi, mtamu, mzito, na mate yakaanza kumdondoka, to, to, to. Akakohoa. Pimbi akasema upepo wa leo una kikohozi.

Chunguni ukabaki mfupa mmoja, wenye uboho. Ngiri akauinua juu, akauliza kama kuna ambaye hajapata. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema basi atautupa mtoni.

"Mimi hapa!" akalia Fisi.

Pimbi akaweka bakuli chini.

"Nakuona," akasema.

Kanga akampaka Pimbi mkaa kipajini. Fisi akasema alikuwa akiomba supu tu, kete haikusema neno. Ngiri, pembe zake nje, akamsomea maandishi ya kwenye jiwe kwa sauti, na herufi zilikuwa kubwa vya kutosha.

Ndiyo maana hadi leo Fisi hutembea akijificha, lakini kunyamaza hawezi. Uuu-wip, uuu-wip. Anauliza kama ule mfupa bado upo.

Funzo la ngano hii, watoto wazuri: msibishane na wakubwa wenye ngozi ya kanuni. Watiini. Watiini neno kwa neno, herufi kwa herufi, na muwaombe waandike.

Ngano yangu imejitokeza. Wenye zenu, semeni mpo.

Tupo!

Nawaona.