Mzee Kihwelo na Maneno ya Chini ya Tovuti

Ukiwa na haraka iache hadithi hii, utaisoma ukitulia. Lakini usiifute.

Mzee Kihwelo wa Iringa alikuwa akikodisha maturubai, viti na masufuria, kwa harusi na kwa misiba. Alijulikana kwa jambo moja: mteja haondoki kwake bila kuagwa vizuri. Hata aliyekuja kuuliza bei tu alisindikizwa hadi barabarani.

Mwaka mmoja aliitamani mno kazi moja, harusi ya binti aitwaye Hosiana, watu mia nane. Mama Hosiana, mama wa bibi harusi, alisema ataamua akishaona tovuti. Mzee hakuwa na tovuti, akamtafuta fundi, binti aitwaye Atupele.

Tovuti ilipokamilika aliisoma yote, ukurasa wa harusi, wa misiba na wa vyombo, kisha akanuna.

"Binti yangu, mtu anafika chini kabisa anakuta jina, simu na mahali tulipo, basi? Hakuna hata wa kumuaga?"

"Mzee, maneno ya pale chini ni yale yale kwa kurasa zote. Ukiandika mara moja, yanatokea kila mahali."

"Vizuri, sitachoka mikono. Nionyeshe pa kuandikia."

Akaandika: Hongereni sana! Tunawasubiri tena mwaka huu huu!

Kesho yake akapigiwa simu na mtu aliyefiwa na baba.

"Mzee Kihwelo, tumesoma ukurasa wa misiba. Unatupongeza, halafu unatusubiri tena mwaka huu huu. Unamsubiri nani? Maana mkubwa aliyebaki ni mimi."

Mzee alilowa jasho. Alikwenda msibani mwenyewe akaomba radhi, tena akaomba mpaka wafiwa wakaanza kumbembeleza yeye. Aliporudi aliona aibu kumwambia Atupele. Akafuta ya kwanza, akaandika: Poleni sana kwa yaliyowapata. Jipeni moyo, tuko pamoja nanyi.

Alilala usingizi mzuri. Asubuhi akapigiwa simu na Mama Hosiana.

"Mzee, nimesoma ukurasa wa harusi mpaka mwisho. Unatupa pole. Umesikia nini kuhusu mkwe wangu?"

"Sijasikia kitu, mama! Hayo ni maneno tu ya..."

"Usinifiche. Mtu mzima na akili zake hawezi kutoa pole bure." Akakata simu.

Siku mbili Mzee hakugusa chakula. Siku ya tatu Mama Hosiana akaingia dukani na mashangazi wawili, wote wamejifunga khanga viunoni. Mzee akasimama, tayari kutukanwa.

Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Tulituma watu Makambako, kwao bwana harusi, kuulizia. Yule bwana ana mke wa ndoa na watoto watatu! Mzee wetu, umetuokoa. Harusi hakuna."

Mashangazi wakapiga vigelegele. Mzee alishindwa kujua acheke au alie. Kazi aliyoitamani mwaka mzima ilikuwa imekufa, na aliyeiua ni yeye, kwa maneno yake mwenyewe. Iliuma.

Walipoondoka alimwita Atupele.

"Mwanangu, rudisha jina, simu na mahali tulipo. Usiniachie hata pa kuweka nukta."

Atupele akarudisha. Kurasa zote zikatulia, na wanaooa na waliofiwa wakakuta namba ya simu bila kugombana na mtu.

Wiki haijaisha, simu ikalia. Alikuwa Mama Hosiana, tena kwa sauti ya chini.

"Mzee, mbona siku hizi pale chini hapasemi kitu? Mdogo wake Hosiana naye amepata mchumba. Tunakungoja wewe useme, ni hongera au ni pole."

Funzo: Neno unalolibandika kila mahali liwe linalomfaa kila anayefika. Hongera na pole mpelekee mtu mwenyewe, ukishajua kilichomleta.