Wavu wa Majivu wa Somoe

Somoe, fundi bati wa Chikunja, alibuni wavu wa jiko la mkaa: ukitikisa mpini wake, majivu yanaanguka na moto hauzimiki. Tajiri Mkwanda akamburuza mbele ya mwenyekiti wa kijiji na karani wake, akidai kaubuni yeye, na Somoe apigwe marufuku kuutengeneza.

"Haya, tajiri," alisema Somoe kwa unyenyekevu. "Matundu haya uliyapima mwenyewe?"

"Mwenyewe! Hapa nani mwingine ana akili hiyo?"

"Na ule wa kwanza, wa matundu mapana, uliouzwa mnadani bila jina la fundi?"

"Wangu! Wa kwanza mpaka wa mwisho, zote zimetoka kichwani humu."

"Utaapa?"

Mkwanda aliapa, mkono juu, umati ukimtazama.

Somoe akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, si ulikuwa unamtafuta fundi ambaye wavu wake ulidondosha kaa la moto, kibanda cha kupikia cha mama yako kikateketea? Ndiye huyu."

Mwenyekiti akainuka taratibu, akakunja mikono ya kanzu.

"Jamani!" alipiga kelele Mkwanda. "Mimi sijabuni hata tundu moja!"

"Karani," alisema Somoe, "hilo nalo liandike."