Kwa Nini Santuri Haifiki Mwisho Runingani

Mnaniuliza kwa nini santuri ikitokea tu kwenye tamthilia lazima ivunjwe. Basi kaeni, na wewe Saumu weka hiyo rimoti.

Zamani, runinga zilipokuwa changa, santuri ilipigwa hadi mwisho. Michezo ilirushwa papo kwa papo, na katika mchezo uliopendwa kuliko yote, aliyeigiza bwana mwenye nyumba alikuwa Feruzi: sauti ya asali, kichwa cha jiwe. Maishani mwake alirekodi wimbo mmoja, na kila wiki alihakikisha unapigwa wote. Mgonjwa akikata roho, santuri. Mwizi akiingia, naye angoje wimbo uishe. Mwenyewe aliita hiyo sanaa.

Aliyeumia ni Mwanakheri, aliyeigiza mkewe. Maneno yake yalikuwa mwishoni, na wimbo ukiisha, muda nao umekwisha. Mama yake, Bi Raya, alijipaka wanja kila wiki akaenda kutazama runinga ya mtaa, na kila wiki alimwona mwanawe akimimina chai tu.

"Raya, shoga," majirani walimtania, "mwanao kaenda kuigiza au kaajiriwa mkahawani?"

"Wiki ijayo atasema."

Wiki ijayo, chai.

Utani huo ukamfikia Mwanakheri. Mchezo uliofuata, Feruzi aliweka santuri yake, akafumba macho kujisikiliza. Mwanakheri akatua birika, akainyanyua santuri ingali ikizunguka, akaipiga ukingoni mwa meza. Pa! Santuri za enzi hizo zilivunjika kama sahani.

"Mume wangu," akasema, "leo utanisikiliza mimi."

Akasema yote aliyoandikiwa, na mengi ambayo hakuna aliyemwandikia. Kule mtaani Bi Raya alipiga vigelegele hadi kuku wakaamka. Feruzi, bila wimbo wa kujifichia, akatokwa na machozi, ya kweli. Ndiyo siku aliyoigiza kwa mara ya kwanza, na watu wakampenda upya.

Wiki iliyofuata alifika studioni na boksi begani.

"Vunja nyingine, bibi wee. Nyumbani zimejaa hadi uvunguni, hakuna anayezitaka."

Na tangu siku hiyo, santuri haifiki mwisho runingani. Ukiona mtu anaiweka na kufumba macho, jua karibu yake yupo mwenye neno. Bi Raya hata alipozeeka hakungoja neno lisemwe: sindano ikigusa santuri tu, yeye keshaanza vigelegele.