Kibuyu cha Sekiete

Usipotuma kibuyu, maji yatajituma. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, mkaniuliza kibuyu kimeingiaje hapo. Basi kaeni, na hayo maharage myachambue huku mnasikiliza, masikio hayahitaji mikono. Methali hii ilianza hivi.

Sekiete aliishi juu mlimani, karibu na chemchemi ya mto. Dada yake, Nakijwa, aliolewa chini tambarare. Huko kiangazi mto hubaki mkondo mwembamba, watu wakalima mchicha kwenye mchanga wake. Hatari yake ni kwamba mvua hunyesha mlimani huku chini jua linawaka. Mtu anapalilia, hajui maji yako njiani. Kwa hiyo palikuwa na desturi: wingu zito likikaa tu mlimani, wa juu hutupa kibuyu kitupu mtoni. Wa chini wakikiona, hutoka mtoni upesi. Baadaye hukirudisha kimejaa kunde.

Mwaka mmoja Nakijwa aliozesha binti. Kwa mila, mjomba hupewa kidari cha mbuzi. Mgawa nyama, pombe ya miwa imemkolea, akampa Sekiete shingo.

"Mjomba mzima napewa shingo kama mpiga ngoma," alisema, akaondoka bila hata kunawa.

Haukupita muda, wingu jeusi likakaa mlimani. Mkewe akamletea kibuyu.

"Mume wangu, wingu hilo."

"Nimeliona."

"Sasa?"

"Waulize waliokula kidari."

"Ile nyama imeshaliwa ikasahaulika. Na mto hauli nyama, unakula watu."

"Nakijwa ana masikio. Radi ataisikia."

Mkewe akakiweka kibuyu mlangoni. Sekiete akawa anakitazama, anageuza uso, anakitazama tena. Matone ya kwanza yalipogonga majani ya migomba, hasira ikamwishia ghafla. Akakinyakua, akakitupa mtoni, akateremka mbio kando ya maji. Maji mekundu yakampita.

Alimkuta dada yake ukingoni, ameloa chapachapa, ameshika mkongojo wa mumewe, Mbonea. Mbonea mwenyewe hakuonekana.

"Dada, hamkusikia radi?"

"Tulisikia. Mume wangu akasema tutoke. Nikamwambia, malizia tuta hilo, ingekuwa mvua kaka angeleta kibuyu."

Hapo ndipo kibuyu kikafika, kinazunguka kwenye povu. Nakijwa akakiangalia mpaka kikapotea. Hakunyoosha mkono.

Alihamia kwa binti yake, mbali na mto. Sekiete alizeeka akitupa vibuyu kwa kila wingu, hata yale ya kupita tu. Watu walimtania kwamba atamaliza vibuyu vya mlima mzima. Hakuna hata kimoja kilichorudi na kunde. Naye kila alipokiachia mkononi alisema neno lile lile, polepole, kama anayeongea na mtu aliye chini kule: usipotuma kibuyu, maji yatajituma.